Chokaa ya Mama Godson

Asumpta hakusoma, lakini chokaa aliijua kabla hajajua kufunga kanga. Baba yake alikuwa fundi wa misheni Bagamoyo, na mkorogaji wake alikuwa yeye. Kwa hiyo mwaka 2009, Watanzania wa Toronto walipokabidhiwa nyumba kuukuu ya shamba kule Malton ili waifanye ukumbi wa jumuiya, mwenyekiti Jacqueline alimfuata yeye. Ilikuwa nyumba ya matofali ya enzi za Malkia Victoria, imebaki peke yake katikati ya maghala.

"Mama Godson, ukituokolea kuta hizi, jiko ni lako. Utapika, utauza, ufunguo utakaa kwako."

Alisema hivyo mbele ya watu, na watu wakapiga makofi.

Tangu hapo Asumpta akitoka zamu ya asubuhi ghalani hakwenda nyumbani. Aliloweka chokaa kwenye mapipa miezi miwili mizima.

"Mama, unavundika ndizi?" vijana wakamtania.

"Chekeni. Chokaa usipoilaza wewe, itajilaza yenyewe sakafuni."

Akapiga lipu chumba baada ya chumba, akitundika magunia mabichi ili kuta zikauke taratibu. Vidole vilichubuka hata kushika tonge ikawa taabu. Jiko aliliacha mwisho, kama mtu anavyoacha mnofu pembeni ya sahani.

Jacqueline akaja na mtu mwenye kofia ngumu.

"Uzinduzi ni Jumamosi, Mama Godson. Huyu atamalizia jiko kwa saruji."

"Mwenyekiti, matofali haya laini yanapumua. Ukiyaziba kwa saruji, maji yatagandia ndani."

"Mwenzako amesomea, mama."

Asumpta akajaza ndoo chokaa aliyoiweka kwa ajili ya jiko, akapanda nayo basi.

Siku ya uzinduzi, ufunguo alikabidhiwa wifi wa Jacqueline. Asumpta alipewa aproni, aoshe sahani.

"Ni kanuni tu," Jacqueline akamnong'oneza. "Jiko la umma linataka mwenye cheti."

"Cheti changu hicho umekiegemea."

Jacqueline akajitoa ukutani, akapangusa bega. Asumpta akaiacha aproni juu ya meza.

Baridi mbili zikapita. Machi ya pili, theluji ilipoyeyuka, matofali ya jikoni yakaanza kumeguka kama biskuti iliyochovywa chai. Vyumba vingine havikupata hata ufa. Jiko likafungwa, na Jacqueline akapiga hodi kwa Asumpta, keki mkononi na wazee wawili nyuma yake, kama wanaoleta posa.

"Mama Godson, yaliyopita si ndwele. Nyumba ni yetu sote."

"Na ufunguo?"

Jacqueline akatazama viatu vyake. "Hilo tutalijadili kwenye kikao."

"Basi na ukuta mkaujadili huko huko."

Akafunga mlango, keki ikabaki nje. Kisha akaingia stoo, akafunua ndoo. Chokaa ilikuwa bado laini kama siagi. Akaiongezea kikombe cha maji isije ikakauka, akaifunika tena.