Nyumba Yetu Ilipofanywa Mandhari

Umewahi kukatazwa kugusa paa la nyumba yako mwenyewe, kwa sababu kuna watu wanapita barabarani wanalitazama?

Mimi nimekatazwa. Na mvua inanifuata hadi kitandani.

Nyumba yetu iko juu ya mteremko. Paa ni la vigae vyekundu vya zamani, vimeota ukijani pembeni. Ukiwa chini barabarani unaiona yote, na chini yake bonde zima. Wageni husimamisha magari wakapiga picha.

Sasa kuna tajiri mmoja alitaka kujenga hoteli ya ghorofa katikati ya hilo bonde. Baraza letu likatunga kanuni: bondeni na mteremkoni hakuna ghorofa, hakuna mabati, na paa linaloonekana halibadilishwi bila kibali.

Mkutanoni nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Tajiri akafungasha virago. Nilicheka hadi gego la mwisho likaonekana.

Mzee wangu, dereva wa lori mstaafu, alisema tu, "Haya, twende nyumbani."

Haukupita muda, vigae vikaanza kupasuka.

Binti yetu anakaa tambarare, karibu na soko. Akasema njooni mkae kwangu. Nikamjibu, niache bonde langu nije kutazama ukuta wa jirani yako? Sitoki.

Nikaita fundi. Akapanda, akagonga kigae kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Bibi, vigae hivi havitengenezwi tena. Dawa ni bati. Tutapaka rangi nyekundu, hata kunguru hatajua."

Alikuwa ametoa vigae vichache tu, pikipiki ya mkaguzi wa baraza hiyo hapo mlangoni. Shuka. Kibali kiko wapi?

Nikaenda ofisini. Kijana wa watu, shati limenyooka, ananiongelesha huku anabonyeza kompyuta.

"Bibi, nyumba yako ni sehemu ya mandhari."

"Mwanangu, hayo mandhari yana sufuria tatu chumbani, zinakinga maji."

"Hizo kwa nje hazionekani."

Nikaambiwa kamati haijakaa. Nikarudi, mwenyekiti amesafiri. Nikarudi tena, lete picha ya uharibifu. Nikapeleka. Wakasema hii imepigwa ndani, sisi tunataka ya nje.

Hapo nilichoka. Nikaamua mambo yawe kimyakimya, tuanze na upande wa nyuma usioonekana barabarani.

Fundi hajapigilia hata msumari, mkaguzi huyo.

Nani kamwambia? Upande ule anauona mtu mmoja tu, jirani yangu mshonaji. Basi nikamnunia. Nikaenda kuchukua gauni langu kwake kabla halijatiwa mikono.

Akaniita kwenye ua, "Shoga, nimekukosea nini?"

Nikajifanya naita kuku. Kuku wenyewe sifugi.

Mara ya tatu nikasubiri jirani asafiri. Kufuli nililiona mlangoni kwake kwa macho yangu. Fundi akapanda.

Pikipiki ikaja.

Nikashika usukani wa ile pikipiki. "Mwanangu, leo huondoki. Nani anakupigia simu?"

Mkaguzi akavua kofia ngumu. Hakunitazama mimi. Alitazama kibarazani, mzee wangu alipokaa akimenya chungwa.

"Bibi, tafadhali. Usinigombanishe na mume wako."

Fundi akashuka ngazi taratibu, akasema anakwenda kunywa maji. Mpaka leo anakunywa.

Methali ya kikulacho mnaijua, siirudii.

Sikupiga kelele. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake.

"Baba watoto, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Si linavuja na upande wako?"

"Najua. Mto wangu umeloa tangu juzi."

"Na unaniona napanda na kushuka mteremko huu kwenda kubembeleza vitoto vya ofisini."

"Nakuona."

Wajukuu zangu mnaosoma, funzo nalitoa hapa hapa, maana mbele sina la kuongeza. Kanuni ya kulinda bonde ni nzuri, nitaitetea hadi kesho. Lakini ukipigania uzuri wa mahali, waulize wanaoishi ndani ya huo uzuri. Anza na unayelala naye. Mimi niliuliza baraza, fundi na kamati, nikamnunia jirani asiye na kosa, na huyu wa ubavuni sikumuuliza hata siku moja.

Basi nikamuuliza.

"Mzee wangu, wewe unataka nini?"

Akaweka kisu chini.

"Nilitaka hili paa litushinde, ili binti yako akisema njooni, ukubali. Bonde ni zuri, sikatai. Ila nimeendesha lori miaka yote peke yangu, nikitazama milima. Nilitaka uzeeni nikifungua mlango, nione watu."