Mgomba Katika Kaburi la Mdogo Wangu

Wanaotaka kucheka wacheke sasa hivi wamalize, maana haya yalinipata mie mwenyewe, mchana kweupe, hapahapa Temeke, na akili zangu zilikuwa timamu.

Mdogo wangu Aminieli alikuwa baharia. Meli yao ya mizigo ilizama na mwili wake haukuonekana. Kwetu Uchagani, mtu asipopatikana huzikwa mgomba badala yake, basi, amehesabiwa kafa. Mama aliomba tusubiri. Baba mdogo hakutaka hata kusikia. Aminieli ndiye kitinda mimba, na kwa mila yetu nyumba na shamba la marehemu baba vilikuwa vyake, na baba mdogo alikuwa akivikodolea macho siku nyingi. Mwezi haujaisha, mgomba ukakatwa, ukavishwa suti ya mdogo wangu, ukazikwa. Baba mdogo alilia kutushinda sote. Mnafiki yule!

Mwaka jana kwaya yetu ikatembelea makumbusho ya mambo ya bahari. Tukaonyeshwa nanga, dira, kofia za chuma za wapiga mbizi, kisha meli kuukuu iliyopandishwa nchi kavu. Wenzangu wakabaki juu wakipiga picha. Mie nikashuka chini kwenye vyumba vya mabaharia. Nilitaka tu kujua mdogo wangu alikuwa akilala mahali pa namna gani.

Nikamkuta ameketi kitandani.

Niamini. Si mtu wa kufanana naye, ni yeye, na kovu lake kidevuni. Miguu ilikuwa na tope jekundu la kwetu, hadi magotini. Ningekimbiaje? Ni damu yangu.

"Dada, nilikwenda nyumbani," akasema. "Nimekuta kuna mtu kalala mahali pangu."

"Ni mgomba tu, Ami. Siyo mtu."

"Mlimpa jina langu, mkamlilia. Sasa mie niende wapi?"

Nikanyoosha mkono nimshike. Nikashika ubao mtupu, wenye tope bichi.

Kesho yake nikapanda basi kwenda nyumbani, nikamsihi baba mdogo tuufukue ule mgomba. Unajua alinijibu nini?

"Wewe binti, Dar imekuharibu kichwa. Nibomoe sebule yangu kwa ajili ya ndoto zako?"

Ndiyo, sebule. Kajenga juu ya kaburi, kamwaga zege, kaweka na makochi. Nilitamani kumtemea mate.

Mama sasa anaishi kwangu. Kila Jumamosi ananiomba nimpeleke kwenye ile meli. Anakaa mle chumbani akiita, "Ami, mwanangu, ni mama," mpaka walinzi waje kufunga. Hajaitikiwa hata mara moja. Wala mie sijamwona tena, na simsamehe baba mdogo, mchungaji aseme asemavyo.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Mtu akiwa na haraka ya kumzika ndugu yako ambaye hamjauona hata mwili wake, usianze kulia. Muulize kwanza anataka nini.