Kidole Changu na Chai ya Asubuhi

Jamani nyie, sogeeni. Na nyie wa kule mlangoni msijifanye mnapita, ingieni mkae, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Zamani nikiita mtu hapa Temeke alikuwa anaitika wa Mbweni. Sasa hivi namwita kuku wangu mwenyewe ananiangalia tu, kama ananiuliza una shida gani mama. Nimechoka. Nachoka nikiwa nimekaa, nachoka nikiwa nimelala, juzi nimechoka kwa kumtazama jirani anafua.

Mie kazi yangu ni kupika kwenye shughuli. Harusi, arobaini, maulidi, popote penye sufuria la kuingia mtu mzima na kutoka, mpishi nilikuwa mie. Na mpishi wa shughuli lazima awe na mwili. Nani atampa sufuria lake mtu mwembamba? Watu watasema huyu chakula chake hata mwenyewe hakitaki. Basi mie mwili nilikuwa nao. Nikikalia kiti cha plastiki, kiti kinatoa shahada. Nikikatiza uchochoro wetu, wenye nyumba wanatoka kuangalia kama kuta zimebaki mahali pake.

Na aliyeupenda ule mwili kuliko wote ni mume wangu. Mtu wa kusini, mchonga vinyago, kutwa nzima anapunguza magogo, lakini mke hakutaka apungue hata kidogo. Alikuwa ananitembeza kwa ndugu zake kama mtu anayeonesha nyumba aliyoijenga. Wakimwambia mkeo kanona, siku hiyo halali kwa furaha.

Halafu ikaanza kiu. Nyie, ile kiu sijui niisemeje. Nilikuwa nakunywa ndoo, namaliza, naitazama ya jirani. Macho yakawa na ukungu, nikawa nawasalimia watu nisiowajua na wanaonijua nawapita. Mume wangu akanipeleka hospitali, wakanitoboa kidole cha mkono, kakitone ka damu, kashine kakalia pii, dokta akasema una sukari. Mie nikacheka. Nikamwambia mwanangu, sukari dukani imepanda bei watu hawaipati, kumbe yote imehamia kwangu? Hakucheka. Akanipa vidonge na orodha ya kula na kutokula, nikaipeleka nyumbani, na kusoma mie sijui. Mume wangu anasoma, ila akifika kwenye neno asilolipenda analiruka.

Hayo nimeishi nayo miaka sijui mingapi. Siku vidonge vipo nameza, siku havipo nasema mwili nao upumzike. Mpaka siku ya harusi moja hapo Chang'ombe.

Tunapika nje, mafiga matatu, kuni za kutosha, mie nimevaa kandambili nakoroga pilau. Nikasikia harufu ya nyama inaungua. Nikawafokea wanawake wenzangu, nikawaambia nani kaacha nyama huko, mnataka kunitia aibu. Kila mmoja anatazama sufuria lake, hamna kinachoungua. Nikaendelea kukoroga. Harufu inazidi. Mmoja akainama kuokota ukuni, akabaki kaduwaa, ananionesha mguu wangu. Kaa la moto limeruka, limeingia kati ya kandambili na kidole cha mwisho, limetulia pale linajipikia. Na mie sijasikia kitu. Naapa, hata mdudu angenitembea ningesikia zaidi.

Wenzangu walicheka, na mie nikacheka. Nikasema leo mpishi kaongeza nyama. Lakini nilivyofika nyumbani nikakaa kitandani nikakitazama kile kidole, nikakibonyeza, nikakifinya, nikaona ni kama nafinya kidole cha mtu mwingine. Hapo sikucheka.

Baada ya siku chache kikaanza kuwa cheusi. Dokta safari hii alikuwa binti, mdogo, mpole, anasema shikamoo kabla hajakuchoma. Akakifungua kidonda, akakitazama, akakigeuza huku na huku mpaka mie nikaanza kuomba dua. Kisha akanieleza taratibu. Kwamba sukari ikishuka, kidonda kinaweza kufunga na kidole kikabaki. Isiposhuka, kidole kinakatwa, na hicho cheusi kikiachwa kinawaambukiza wenzake, tunaishia kwenye mguu. Akanipa wiki mbili. Kila baada ya siku tatu niende asubuhi, sijala kitu, nipimwe.

Sasa nyie niambieni, mpishi wa kusimama jikoni tangu alfajiri mpaka watu washibe, bila mguu anakuwa nani? Anakuwa mgeni. Anakaa na wageni, anasubiri sahani. Mie nilisema hapana, nitafuata masharti mpaka masharti yenyewe yashangae.

Na nilifuata. Ugali nikauacha. Wali, ambao nimeupika maisha yangu yote, nikawa nauangalia kama mtu wa zamani tuliyeachana naye vibaya. Mchana mchicha na samaki kidogo, jioni hivyo hivyo. Sukari kwenye chai nikatoa yote, nikawa nakunywa chungu, nafunga macho. Dokta kasema nitembee, nikanunua raba, nikatembea. Nikifika kwenye kona bodaboda wanasimama, mama panda, mama unaumwa, mama kwani umekosa nini. Mmoja alinifuata nyuma mpaka nyumbani, anasema hawezi kuniacha katika hali ile.

Mume wangu moyo ulikuwa unamuuma. Nguo zimeanza kunipwaya, majirani wameanza kumuuliza kama nyumbani kuna shida. Basi akawa ananiamsha asubuhi, ananiambia haya mama watoto, leo unakwenda kupima, ulivyokatazwa kula hivyo usiende mtupu, kunywa chai kwanza. Nakunywa chai, tunaondoka, tunakaa kwenye benchi, tumbo limetulia, nasubiri kuitwa.

Napimwa, kumi na nane, na inatakiwa isizidi saba. Dokta ananiuliza, mama umekula? Namwambia sijala mwanangu. Siku ya pili kumi na tisa. Umekula? Sijala. Akaongeza dawa. Siku ya tatu kumi na saba na nusu, akaniuliza kwa kunikazia macho, na mie nikamuapia kwa Mungu mmoja. Akaandika sindano. Mume wangu pembeni ananishuhudia, anasema dokta, huyu mtu hali, mie nakaa naye, kwa kweli hali. Nikaona yule binti anahangaika, anafungua makaratasi, anampigia simu mkubwa wake. Na mie nimechoka mpaka kwenye kucha. Kuamka, benchi, kutobolewa, kurudi, mlenda, kulala, kuamka. Nilikuwa nasema moyoni, kama kuacha kula kwenyewe hakusaidii, basi wacha kidole kiende.

Wiki mbili zikaisha. Kidole kimeshakuwa kama kipande cha mkaa, na cha pili yake kimeanza kubadilika rangi. Wakanilaza wodini, wakasema kesho asubuhi nakatwa, na kuanzia jioni nisile kitu chochote.

Asubuhi mume wangu kaja mapema na kikapu chake. Wodi nzima kimya, watu wanasubiri zamu zao. Nesi kapita, kaniuliza umekula, nikasema sijala, kaandika, kaenda. Mara dokta huyo, kaja kunitazama kabla ya kupelekwa. Kasimama, kavuta pumzi kama paka kwenye soko la samaki Feri.

"Baba, kwenye kikapu kuna nini?"

Mume wangu akasema, "Chai."

"Mbona nasikia harufu ya chapati?"

"Ndo chai yenyewe."

Dokta akafungua kikapu. Chapati zilikuwa nne, zimebaki mbili. Maandazi yamebaki matatu, yalikuwa mangapi siwaambii. Na supu ya utumbo kwenye bakuli, hiyo imebaki harufu. Yule binti akakaa kwenye kitanda changu. Akaniuliza kama siku zote nilizokwenda kupimwa nilikuwa nakunywa chai kwanza. Nikamwambia ndiyo, lakini bila sukari, mie masharti nafuata. Akaniuliza, sasa kwa nini kila siku uliniambia hujala?

"Mwanangu," nikamwambia, "kula si mchana? Asubuhi mtu anakunywa chai."

Hakuna aliyenidanganya na sikumdanganya mtu. Kwetu ukimkuta mtu asubuhi na chapati sita mbele yake, ukimuuliza kama kala, atakuambia bado, ndo kwanza nakunywa chai. Mie wali nimeuogopa, ugali nimeuogopa, lakini chapati sikuiogopa. Ugonjwa unaitwa sukari, na kwenye chapati mie natia chumvi.

Dokta akakifunga kikapu, akakisukuma mbali na kitanda. Kisha akasema kosa na lake limo, maana yeye mwenyewe mama yake akimuuliza asubuhi kama kala, anasema bado, na andazi analo shavuni. Akaahirisha kukata. Akasema tunaanza upya humu humu wodini, kitu kikipita mdomoni, hata kikiitwa jina gani, nesi akiandike. Siku ya pili sukari ikaanza kushuka. Ya tatu ikafika tisa. Kumbe mwili wenyewe ulikuwa tayari kusikia, wa kuongea nao ndo hakuwepo.

Mume wangu siku zile hakuja na kikapu. Alikuja mikono mitupu, anakaa kwenye ubao wa dirisha. Nikamuuliza una nini. Akasema, "Hicho kidole nimekikata mie." Nikataka kumtania, kwamba yeye mchongaji, kukata kazoea. Nikaacha. Nikamwambia nisogezee mto tu, akanisogezea, tukakaa hivyo.

Kidole cha mwisho hakikupona, kilikuwa kimeshakufa siku nyingi, kikakatwa. Lakini cha pili yake kilirudisha rangi, na dokta akasema hicho na wenzake watatu wanabaki, na mguu unabaki, nikiendelea hivi nitasimama jikoni tena. Nilifurahi, ila furaha yenyewe ya mtu aliyechoka, ile ya kufumba macho tu. Vidole vinne kwa kandambili vinatosha.

Kesho yake asubuhi dokta kaja na kundi la wanafunzi wake. Kitanda cha pili yangu walikuwa wamemleta alfajiri mama mmoja wa Ukonga, mnene kunipita mie wa zamani, kitanda kinalia. Yeye kidonda kilishapanda, anakatwa nusu ya wayo, na machela imeshaletwa, wanataka kumhamisha. Nesi kamuuliza mbele yetu, mama hujala? Akajibu vizuri kabisa, sijala mwanangu, tangu jana.

Dokta akasimama katikati ya wodi, akaanza kuwafundisha wale wanafunzi kwa kunionesha mie, mie nimelala kama mfano ubaoni. Akawaambia wasimuulize tena mgonjwa kama kala, wamuulize kitu gani kimepita mdomoni tangu aamke, kwa sababu mtu akila chapati asubuhi kwa nia njema kabisa atawaambia kanywa chai. Na dawa ya usingizi ikimkuta na tumbo limejaa, anaweza asiamke tena.

Kule kwenye machela yule mama wa Ukonga, ambaye wameshamnyanyua upande mmoja, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akasema:

"Dokta, ngoja kwanza. Mie leo nimekunywa mihogo."