Mfu wa Shamba la Ngoro

Jamani, nichekeni tu. Mimi mwenye kibanda cha video hapa Mbinga mjini nilijiona bingwa wa filamu za kutisha: mkono ukitoka ardhini, usiulize ni nani, kimbia!

Juzi nikaenda Mbuji kujitambulisha ukweni. Ukungu wa asubuhi ulikuwa mzito. Nikapita kando ya shamba la ngoro, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo. Ghafla mkono wenye tope ukachomoza shimoni, kisha kichwa. Nikatimua mbio, sukari na zawadi nyingine nikaziangusha, nikaingia ukweni nahema: "Mfu amefufuka!"

Mama mkwe akanipa maji, akanipepea. Mara baba mkwe akatokea mlangoni, tope mwili mzima, jembe begani, sukari yangu mkononi. Kabla sijafumbua mdomo, akasema, "Marahaba, mwanangu."