Jirani Niliyemtaja Polisi

Ipo siku moja ya soko pale Tororo, Mwanangu, ambayo hainitoki kichwani. Nilihesabu wafugaji waliosimama kwenye banda la Yakobo, wakawa kumi na wanne. Nikahesabu tena nikitumaini nimekosea. Wakawa kumi na watano.

Nilikuwa kijana, mnunuzi wa ngozi za ng'ombe. Ujuzi wangu ulikuwa kutafuta matundu ya kisu ili nishushe bei. Yasipokuwepo, niliyaona hivyo hivyo. Yakobo, mnunuzi mwenzangu wa ngozi, alikuwa Myahudi aliyewakimbia watawala wa Ujerumani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Aliwafundisha wafugaji wa vijiji vya Merikit kuchuna bila kutoboa, na kuwamba ngozi kwenye fremu za miti, kivulini, badala ya kuzianika chini juani. Ngozi zikawa safi, nami nikakosa la kulalamikia.

"Mzee Emojong, umenitupa?" nilimuuliza mteja wangu wa miaka mingi.

"Sijakutupa, Hamisi. Nakwenda tu kwa huyu ambaye macho yake ni mazima."

Soko likacheka. Nikarudi bandani kwangu, wivu ukiniwasha.

Vita vilipoanza, Waingereza wakasema Mjerumani yeyote ni adui. Nikavaa kanzu safi, nikaenda polisi. "Jirani yangu ni Mjerumani," nikasema. Sikudanganya, karatasi zake zilisema hivyo. Lakini nilijua kilichomkimbiza kwao, maana alinieleza mwenyewe: Wayahudi walinyang'anywa maduka, wakapigwa barabarani. Nilijua pia kwamba alikuwa akihangaikia kibali cha kumleta mama yake na dada yake huku. Hayo sikuyataja. Askari hakuniuliza, nami sikuwa mtu wa kutoa nyongeza bure.

Wakamfunga kambini miezi kadhaa. Wafugaji wakarudi kwangu, wote, nikawahesabu mara mbili. Yakobo alipoachiliwa, akafungua banda lake na kunisalimia kama zamani. Lakini mlango wa kibali cha mama na dada yake ulikuwa umeshafungwa.

Vita vilipokwisha, barua ikafika. Mama na dada walikuwa wameuawa na watawala wale wale wa Ujerumani, pamoja na mamilioni ya Wayahudi, waume kwa wake, hata vichanga. Nikaenda kumpa pole.

"Jirani yetu kule Ujerumani ndiye aliyewaonyesha askari mlango wa mama," akaniambia. "Hakuwa mtu mbaya, Hamisi. Alitamani duka letu tu."

Hapo nikasema: "Yakobo, aliyekutaja polisi ni mimi."

"Najua," akasema. "Siku ile ile waliyonikamata walinisomea jina lako."

Miaka yote hiyo, kila asubuhi, alikuwa ananijulia hali huku anajua.

Pengine kibali kisingepatikana hata bila mimi. Nimepiga hesabu hiyo maisha yangu yote, Mwanangu, na kila nikiirudia inanipa jibu tofauti.

Basi nakuusia. Mwenzako akikushinda kazi, ona wivu, si dhambi kuuona. Kasirika, kajifunze kuwamba ngozi. Lakini siku serikali itakapokuja kuuliza nani si mwenzetu, funga mdomo wako, hasa kama unayetaka kumtaja ana wateja wengi kuliko wewe. Wauaji wale hawakujua nyumba zote. Walionyeshwa na watu kama mimi, wenye kanzu safi.

Mungu akujalie jirani anayekuzidi, akupe na moyo wa kumlinda. Amina.