Mende wa Plastiki na Mgeni Ambaye Hakunywa

Nianze na ujinga wangu, usije ukasema nimeficha kitu. Siku ya kuondoa matanga ya Babu, nyumbani kwetu Kanyosha, niliingia kwenye hema la wageni nikiwa na mende wa plastiki chini ya ulimi. Yaliyofuata ni kweli tupu, na mpaka leo yananiudhi.

Mchezo wenyewe ni huu. Kwetu ukimpa mtu kinywaji, unafungua chupa mbele ya macho yake, unaonja wewe kwanza, ndipo unampa. Maana yake: kunywa, hakuna sumu. Sasa mimi naonja, nakohoa kidogo, nafungua mdomo, na mende anachungulia katikati ya meno. Shuleni nimewarusha watu kutoka kwenye madawati kwa mende huyo! Asubuhi Mama alikuwa amenionya, kidole kikinigusa pua: "We mutoto, leo ni siku ya baba yangu. Nikiona kamuchezo kako, utalala inje."

"Ndiyo, Mama," nikajibu. Mende tayari mfukoni.

Nyuma kabisa ya hema alikaa baba mmoja mwenye koti la kijivu, peke yake, mkononi hana kitu. Wenzake wanakunywa, yeye anatazama tu. Hata Tantine, dada yake Mama, aliyekuwa akigawa chupa, alimpita bila kumtupia jicho. Nikasema moyoni, huyu ndiye wangu. Nikamfungulia fanta, nikaonja, nikakohoa, nikamtoa mende.

Hakushtuka! Unajua inavyouma? Akamchukua mende kwa vidole viwili, akamtia mdomoni mwake, akafunga, akafungua. Patupu.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Kwako," akasema.

Niamini: chini ya ulimi wangu kitu kilisogea. Kilikuwa na miguu. Nikatema, na mende mzima, mwenye mabawa yake, akaangukia kwenye sahani ya Tantine, aliyekuwa sasa ameketi karibu akila, akaanza kutembea juu ya wali kana kwamba naye amealikwa.

"Mana yanje, Mungu wangu!" Tantine akapiga kelele mpaka wapishi wakatoka jikoni. "Anatapika mende kwenye matanga ya babu yake!"

"Si mi, ni yule!"

Nikageuka kumwonyesha. Kiti kilikuwa kitupu. Juu yake ilisimama ile fanta niliyoifungua kwa mkono wangu, imejaa, kizibo kimebana kama imetoka kiwandani leo.

"Yule nani?" Tantine akauliza. "Tulikuona unaonjea kiti fanta. Tukasema, ameanza."

Hebu niambie, haki iko wapi? Mtu ananiibia mchezo, anaufanya vizuri kuliko mimi, anaondoka bila kuaga, halafu kofi nakula mimi! Nimeapa kwa kila kitu, wanacheka tu. Hata nikisema nyumba inaungua, watanipekua mfukoni kutafuta kiberiti. Na tangu siku hiyo sionji kitu bila ulimi wangu kutafuta miguu.

Kwa hiyo wewe unayependa kushtua watu, chezea karata, chezea sarafu, lakini usichezee kuonjea mgeni. Na kabla hujamfungulia mtu chupa, hakikisha na wengine wanamwona.

Wageni walipoondoka nilikaa nikimngoja Mama na fimbo. Alikuja bila fimbo. Akaketi mbele ya ile chupa, akanisikiliza mpaka mwisho. Ni yeye peke yake aliyenisikiliza.

"Ulimuonjea?"

"Ee, Mama."

"Na yeye akakunywa?"

"Apana."

Akaipanguza chupa kwa kitenge chake, akaiweka kwenye kabati la vyombo vya wageni, akafunga mlango wa kabati polepole. Hivi ndivyo alivyosema, sijaongeza neno:

"Basi bado ni mugeni wako. Atarudi kuikunywa, na ni we utamufungulia, si mi."