Mayai ya mwisho ya Nyar Karungu yaliponusurika kuwa mkate

Wakuu, salamu kwenu nyote. Leo naandika huku nacheka peke yangu. Kila kitu hapa ni kweli tupu, na mume wangu amekaa hapa kando akisoma kila sentensi, kwa hivyo siwezi kuongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, upande wa Rangwe, Homa Bay. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu.

Mama mkwe wangu kila mtu alimwita Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kule alikozaliwa. Alipoolewa alikuja na jogoo na tembe wawili, zawadi ya mamake. Kuku wa kienyeji, lakini wale wa shingo uchi, hawana unyoya hata mmoja kutoka kichwani mpaka mabegani. Ukiwaona mara ya kwanza utafikiri mtu ameanza kuwanyonyoa akapigiwa simu.

Kuku wote wa boma letu walitoka kwa hao watatu. Mama alikuwa serious na huo ukoo. Jogoo wa jirani akichungulia tu kwenye ua, anafukuzwa kwa slipa. Watu waliomba mbegu, akakataa. Mayai ya kula alikuuzia, kuku hai hapana.

Halafu kideri kikaja.

Wafugaji mnajua. Asubuhi kuku amesinzia, kinyesi cha kijani, shingo imepinda, kesho yake unachimba shimo. Kililipitia boma letu lote. Tulipomfukia tembe wa mwisho, Mama alisema tu, "Basi. Wa mama wamekwisha." Akaingia ndani. Hakula siku hiyo.

Mimi nikabaki nje nikiosha kikapu cha mayai, na hapo ndipo akili ikanipiga kofi.

Wiki hiyohiyo, kabla kuku hawajaanza kusinzia, nilikuwa nimempelekea Mama Zuhura mayai! Huyu alikuwa mke wa mfanyabiashara mmoja Mwislamu kutoka Pwani, wana duka la vitambaa pale Rangwe sokoni.

Wakuu, nilitoka mbio na sabuni mikononi. Nikapata boda, enzi hizo boda ni baiskeli. Tulipofika kilimani jamaa akaniambia nishuke, baiskeli haipandi. Tukakimbia wote wawili, yeye anasukuma, mimi namhimiza, na hata hajui tunakimbilia nini.

Nikaingia kwa Mama Zuhura bila hodi. Nikamkuta jikoni amekaa kwenye kibao, bakuli kubwa mbele yake, sukari tayari, moto tayari. Wageni wanakuja kutoka Kisumu, anapika mkate wa mayai. Wale mnaoujua mnaelewa huo mkate unakula mayai mangapi.

Ameshavunja matatu. La nne liko mkononi.

Nikamwambia, "Mama, tafadhali, usivunje. Kuku wote wamekufa. Hayo ndiyo yamebaki."

Akanitazama. Akatazama yai. Akaliweka chini polepole kama mtu anayelaza mtoto.

"Kumbe nilikuwa navunja ukoo wa watu," akasema.

Wageni walikula mandazi.

Sasa tatizo: nani atayaatamia? Mtaa mzima hauna kuku mzima. Incubator tuliisikia tu kwa redio. Lakini nyuma ya duka Mama Zuhura alifuga bata, na mmoja alikuwa ameanza kuatamia. Tukamtolea mayai yake, tukamwekea yetu kumi na moja. Alituzomea kidogo, akayageuza kwa mdomo, akakaa. Bata hana ukabila.

Mama sikumwambia neno. Yangeharibika, angefiwa mara mbili.

Baada ya muda tulifunga mlango wa stoo mchana, tukamulika mayai kwa tochi. Mengine meupe tu. Mengine yana mishipa myekundu, na kitu kinaruka ndani! Mama Zuhura alinikumbatia tukaanguka juu ya magunia.

Wakatoka saba. Shingo uchi wote saba. Wabaya ajabu, wazuri ajabu.

Niliwaacha hukohuko, kwa sababu kwetu ugonjwa ulikuwa haujaisha. Tukamwaga chokaa bandani, tukangoja. Ndipo siku moja nikamdanganya Mama kwamba kuna lesso mpya dukani, akachague.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Tulipozunguka nyuma ya duka, bata alikuwa ndani ya dimbwi anaogelea kwa raha zake, anawaita watoto wake waingie. Vifaranga saba wako ukingoni wanapiga kelele, hawaelewi mama yao ana wazimu gani.

Mama akasimama. Kisha akasema, "Hizo shingo nazijua."

Aliingia kwenye matope na viatu vyake vya kanisani, akawakusanya wote kwenye lesso aliyovaa, huku anamgombeza bata kwa Dholuo kwamba hivyo sivyo watoto wanavyolelewa. Analia, anacheka. Sisi nasi hivyohivyo, mpaka wateja wakatoka dukani kuja kuona kuna nini.

Walikua. Majogoo wawili, tembe watano. Na walipoanza kuzaana, jozi ya kwanza Mama alimpa nani? Mama Zuhura. Halafu yule jamaa wa boda. Halafu kila jirani aliyewahi kunyimwa, mpaka Asumbi.

Nilimuuliza kwa nini amebadilika. Akanijibu, "Nyathina, mwanangu, nilipowafungia wote kwangu, walikufa wote."

Funzo langu ni hilo wakuu. Chanja kuku dhidi ya kideri, ndiyo, tena mapema. Lakini mbegu nzuri igawe ikiwa bado hai.

Haya, niambieni: nani amewahi kuatamisha mayai ya kuku kwa bata, au kwa mnyama wa ajabu zaidi? Na ukipita Rangwe ukaona kuku aliyesahau kuvaa kola, piga picha uweke hapa. Huyo ni shemeji yangu.